Shairi la mistari 16 na simu ya Stalin

Watu wengi wakisikia ushairi wa usasa (modernism) wa Ulaya wanadhani ni mashairi huru tu, hakuna vina, hakuna mizani. Sasa njoo Urusi uone. Osip Mandelstam na Anna Akhmatova walikuwa washairi wa usasa kwelikweli ila vina hawakuvitupa, na mimi nashikilia kwamba hapo ndipo dola iliposhindwa nao, maana shairi lenye vina hushikika kichwani hata bila karatasi.

Novemba 1933 Mandelstam alitunga shairi la mistari 16 kuhusu Stalin, dikteta wa Kisovieti wakati ule, vidole vinene kama funza, masharubu ya mende, yaani hakubakisha kitu. Hakuliandika, aliwaghania tu marafiki wachache, lakini kuna aliyepeleka maneno na Mei 1934 wakamkamata. Kwenye mahojiano akaliandika kwa mkono wake mwenyewe na ile karatasi ikabaki kwenye faili la polisi wa siri, kwa hiyo haohao waliotaka kulifuta ndio waliolitunza!

Halafu Stalin akampigia simu mshairi Boris Pasternak kumuulizia huyo Mandelstam, ni bingwa au siyo? Hebu fikiria, mtu mwenye jeshi na magereza, angeweza kummaliza usiku uleule, lakini kujua nani bingwa wa ushairi ilibidi aulize mshairi mwenzake Mandelstam, maana hayo mamlaka hayakuwa ofisini kwake. Mandelstam alipelekwa uhamishoni, 1938 akakamatwa tena, na Desemba mwaka huohuo akafia kwenye kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok. Inauma sana.

Akhmatova naye mwanawe alikuwa amefungwa, miezi 17 anapanga foleni nje ya magereza ya Leningrad. Mashairi yake ya kipindi kile alikuwa anayaandika kwenye kikaratasi, anampa rafiki yake Lydia Chukovskaya asome kimyakimya ayashike kichwani, huku kwa sauti wanaongea habari za chai na hali ya hewa kwa kuogopa kusikilizwa, kisha kikaratasi kinachomwa. Yalichapwa kitabu kizima Munich 1963, kwao Urusi hadi 1987.

Na huku kwetu Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya 1969 hadi 1972 kwa kuikosoa serikali ya Kenyatta, alitunga gerezani akiandika kwenye karatasi za chooni, tena kwa vina na mizani ya jadi, na mwaka 1974 mashairi hayohayo yakapata tuzo yenye jina la Kenyatta.

Ndiyo maana vijana wanaponiambia vina ni kujifunga tu huwa nawabishia kidogo. Mashairi huru nayapenda, nayafundisha, lakini siku hizi mtu kazi yake yote iko kwenye akaunti moja ya mtandaoni, ikifungwa leo hata yeye mwenyewe hawezi kukughania beti mbili.