Chumvi kwenye jani la mchu: kemia ya mikokoni

Ziara nyingi za sayansi za shule zetu za sekondari hapa Tanga ni matembezi tu. Basi linakodiwa, wanafunzi wanapelekwa Mapango ya Amboni, wanaonyeshwa mawe yanayoning'inia, picha zinapigwa, soda zinanywewa, jioni kila mtu kwao. Sina ugomvi na Amboni. Ni mahali pazuri mno pa kuona maji ya mvua yanavyoyeyusha mawe ya chokaa. Lakini mwanafunzi aliyerudi na daftari tupu katalii, hajafanya sayansi.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na klabu yetu huipeleka mikokoni, upande wa Sahare. Nitaeleza zoezi moja tu: kutafuta chumvi kwenye majani.

Kwanza, saa. Bahari haimsikilizi mwalimu wa taaluma na ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa kuwa mwezi nao umeshasogea. Unapoandama na unapopevuka, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja, ndipo tunapopata bamvua, na hapa kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Bahati yetu ni kwamba maji ya bamvua hupwa asubuhi, mnamo saa nne hadi saa tano. Basi Jumamosi iliyo karibu na mwandamo au mwezi mpevu ndiyo yetu. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, tunabaki shuleni kuosha vyombo vya maabara. Akina mama wanaochokoa pweza wanayajua haya yote bila kalenda. Muulize mmoja wao kabla hujawaandikia wazazi barua.

Sasa majani. Mchu na mkoko ni aina mbili za miti ya mikokoni. Huota jirani, na yote miwili husimama kwenye maji yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita, ila kila mmoja una njia yake ya kuishi nayo. Mizizi ya mkoko huichuja sehemu kubwa ya chumvi kabla haijaingia mtini. Mchu huruhusu nyingi zaidi ipite, kisha huitoa kupitia tezi ndogo zilizo kwenye majani. Siku ya jua kali ukilamba jani la mchu utaionja. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na wanafunzi wameshakariri. Kazi ni kuthibitisha.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Suuza majani ya mchu kwa maji yaliyokenekwa, weka maji hayo kwenye testi tyubu, tia matone ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, halafu nitrati ya fedha. Mashapo meupe yanatokea: kloridi ipo. Wanashangilia, maana ni jibu lilelile wanalolijua kutoka kwenye mazoezi ya mtihani.

Hapo huwaambia wafanye hivyohivyo kwa majani ya mwembe ulio karibu na ufukwe. Nayo yanatoa weupe. Kelele zote zinakatika. Mwembe hauna tezi za chumvi. Ni upepo wa bahari uliopeleka chumvi juu ya majani yake. Sasa lile jaribio la kwanza limethibitisha nini kuhusu mchu? Halijathibitisha kitu.

Saa nzima ya ubishi unaofuata ndiyo niliyoitafuta tangu mwanzo, na humo mwalimu anatakiwa kufunga mdomo. (Kwangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote.) Mmoja atasema tuchume majani ya ndani kabisa. Mwingine: tuyaoshe kwanza, tungoje. Polepole wanafika penyewe. Wanachagua tawi la mchu na tawi la mkoko yaliyo jirani, juu ya alama ya tope inayoonyesha maji ya bamvua yanapofika, la sivyo bahari itayaosha usiku na kazi yote iharibike. Wanaosha majani vizuri, wanayakausha kwa kitambaa safi, wanayavika mifuko myeupe ya kufungia vyakula (si ile ya kubebea, iliyopigwa marufuku tangu 2019), na asubuhi ya pili wanaisuuza mifuko pamoja na majani. Majani yawe na ukubwa unaokaribiana, idadi iwe ileile, maji ya kusuuzia yapimwe. Mifuko yote ihesabiwe wakati wa kurudi.

Testi tyubu zinakuwa tatu: ya mchu, ya mkoko, na ya maji matupu. Hiyo ya tatu wengi huiona ya kupoteza dawa, hadi mtu atumie maji ya bomba na kuona yanageuka meupe yenyewe. Kulinganisha ni rahisi: simamisha zote mbele ya ukurasa wa gazeti, uone ipi inaficha maandishi zaidi. Mchu hutakiwa kushinda. Siwaambii mapema.

Nitrati ya fedha ni ghali na huacha madoa meusi vidoleni, kwa hiyo matone machache yanatosha. Shule isiyo nayo ianike maji ya kusuuzia juu ya kioo safi juani na kutazama kinachobaki. Wanafunzi wavae raba, kwa maana chaza walioganda kwenye mizizi hukata nyayo vibaya. Mikoko ni misitu inayolindwa kisheria: omba ruhusa kwa watu wa misitu na serikali ya mtaa, na lisikatwe hata tawi moja.

Kikundi cha kidato cha tatu sasa kinataka kujua kama mchu ulio mlangoni pa Mto Sigi, ambako maji ya bahari huchanganyika na ya mto, hutoa chumvi kidogo kuliko wa Sahare. Nimewaambia waniletee kwanza uchumvi wa maji ya sehemu zote mbili: lita moja moja, ichemshwe mpaka ikauke, masalia yapimwe kwenye mizani. Na wachote maji yakiwa yamejaa, kisha yakiwa yamepwa.