Je, wajua kwa nini breki ya baiskeli ya ufukweni hutiwa grisi?

Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale au Majengo, Mombasa, hukosi kuona baiskeli kuukuu imeegemezwa nyuma ya mlango, matairi yamelala, mwenyewe akingoja siku atakayopata nafasi ya kuifufua. Siku hiyo ikifika, kazi huanza kwa kuosha. Mnyororo unatoswa kwenye kopo la mafuta ya taa. Ikifika zamu ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ile yenye breki ya kurudisha pedali kinyume, grisi nyeusi iliyomo ndani inasuguliwa yote mpaka chuma kinang'aa, kisha habu inafungwa ikiwa kavu vivyo hivyo. Sababu inayotolewa inaingia akilini: breki na grisi hazipikiki chungu kimoja.

Baada ya muda breki inaanza kulia kama mlango wenye kutu. Siku nyingine inanata, siku nyingine inashika ghafla mpaka tairi linaburuza. Lawama zinamwendea fundi, au vifaa, au umri wa baiskeli. Mkosa ni ule usafi. Breki hii iliundwa ifanye kazi ikiwa imezama kwenye grisi, na ukiikausha unaiua.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha unayo baiskeli yenyewe. Baiskeli ya ufukweni ina sura yake: vyuma vya fremu vimepinda taratibu kuelekea nyuma, usukani ni mpana na mikono yake inarudi kwa mwendeshaji, tandiko ni kubwa lenye springi, matairi ni manene yaliyoandikwa 26 x 2.125, na gia ni moja tu. Kwenye usukani hakuna waya wa breki. Inama utazame gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Ukiona mkono wa bamba umetoka kwenye habu ukafungwa kwa ukanda wa chuma kwenye fremu, ndiyo hiyo. Mara nyingi jina la aliyeitengeneza habu limegongwa hapo hapo: Bendix, New Departure, Torpedo, Shimano.

Wengi wa Mombasa wanaokumbuka baiskeli kubwa ya ujanani, kwa kweli wanaikumbuka Black Mamba. Hiyo ni ukoo mwingine. Iwe Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, fremu yake imenyooka, tairi ni 28 x 1½, na breki zake ni fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira vishike rimu. Na hapa ndipo dhana yetu ilipozaliwa. Kwenye Black Mamba, tone la grisi juu ya rimu ni balaa: mpira unateleza, nawe unaenda kusimamia kwenye mkokoteni wa mtu. Kanuni ya kuweka mafuta mbali na breki ni ya kweli kabisa kwa breki ya mpira. Ni kweli pia kwa breki za diski za pikipiki na gari, ambako kipande kinachosugua kimetengenezwa kwa mchanganyiko maalumu, na mafuta yakikiingia hakifai tena. Mtu amelelewa na breki za namna hiyo maisha yake yote. Akikutana na breki iliyojaa grisi, atafikiri nini zaidi ya kwamba imevuja kutoka kwenye gololi?

Dhana inapata nguvu zaidi kwa sababu kazi ya breki hii haionekani. Wapo wanaoamini kuwa ukirudisha pedali nyuma unaufunga mnyororo, na mnyororo ndio unaolikamata gurudumu. Mnyororo hapa ni tarishi tu. Unapeleka habari nyuma, na kazi yote inafanyika ndani ya habu.

Ili uione kazi hiyo, chukua bolti na nati yake. Ishike nati kwa vidole viwili isizunguke, kisha zungusha bolti. Nati itasafiri: ukizungusha upande huu inakwenda kulia, ukigeuza inarudi kushoto. Sasa iachie. Itazunguka pamoja na bolti na haitafika popote. Ndani ya habu, bolti ni ile gia ndogo inayoshikana na mnyororo, ambayo mkia wake umekatwa hesi pana, yaani mikato ya kuzunguka kama ya bolti. Nati ni koni ya chuma iliyopanda kwenye hesi hiyo. Vidole vyako viwili ni springi ndogo inayoizuia koni isizunguke ovyo.

Ukikanyaga mbele, hesi inaivuta koni kwenda kulia hadi inajikaza kwenye ukuta wa ndani wa habu, na gurudumu zima linazunguka nayo. Ukitulia, habu inaitangulia koni, koni inalegea, na gurudumu linajiendea huku miguu yako imepumzika. Ukirudisha pedali, koni inasafiri kushoto. Huko kuna viatu vya breki, vipande vya chuma au vya shaba vilivyopinda kufuata umbo la habu. Koni inapenya chini yake na kuvitanua, navyo vinaubana ukuta wa habu inayozunguka. Viatu haviwezi kuzunguka na habu, maana vimekamatwa na koni ya pili iliyofungwa kwenye ule mkono wa bamba, na mkono umefungwa kwenye fremu.

Mfano wa nati unaeleza pia ugonjwa mmoja unaowasumbua watu bure. Unarudisha pedali nyuma, zinazunguka tu, breki haishiki. Watu huvitilia shaka viatu. Mara nyingi ni springi iliyochoka: vidole vimeiachia nati, nati inazunguka na bolti, na koni haisafiri kwenda kokote.

Sasa turudi kwenye grisi. Chukua baiskeli yenye gia ya mbele ya meno 46 na mkono wa pedali wa sentimita 17. Ukikandamiza pedali nyuma kwa nguvu ya kilo 30, mnyororo unavutwa kwa takriban kilo 55. Hesi inazidisha nguvu hiyo, na mteremko wa koni unaizidisha tena, kwa hiyo viatu vinaugandamiza ukuta wa habu kwa nguvu kubwa kuliko unavyodhani ukitazama mguu wa mtu. Chuma kikavu kikisuguana na chuma chini ya mgandamizo huo, vilele vidogo vya nyuso zake hushikana kwa joto, kisha hung'oana. Ndiyo maana breki kavu hulia na kushika kwa mikurupuko. Grisi inakaa katikati na kuzuia kung'oana huko. Mgandamizo unaisukuma nyingi itoke, na utando mwembamba unaobaki hautoshi kufanya viatu viteleze, bali unatosha kufanya msuguano uwe laini na uleule kila mara. Hii ni breki inayotumia kilainishi ili ishike vizuri, na sijui vifaa vingi vya kawaida vyenye ukaidi wa namna hiyo.

Habu iliyoendeshwa kavu huitambui kwa kusoma, unaitambua kwa ukucha. Pitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya ukuta wake. Ukuta usioungua ni laini kama sahani. Ulioungua una michirizi inayokwaruza ukucha, na viatu vina mabaka ya rangi ya samawati na kahawia ya chuma kilichopata moto. Michirizi midogo inavumilika. Ikiwa mirefu na mingi, hakuna grisi itakayoirudisha.

Baiskeli zenyewe zina asili ya Marekani. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta sokoni baiskeli ya tairi nene lenye tyubu ndani, wakati soko la huko lilikuwa bado linatumia matairi membamba ya kugundishwa kwenye rimu. Zilikuwa nzito, zikapendwa na vijana, zikapitwa na baiskeli nyepesi, kisha kwenye miaka ya 1970 vijana wa California wakazifufua. Wale wa pwani walizipanda mchangani. Wale wa kaunti ya Marin walizipandisha mlimani, na tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya kushuka njia ya vumbi inayoporomoka karibu mita 400. Breki zilipata moto hadi grisi ikatoka kama moshi, na kila baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mashindano yakabaki na jina hilo hilo la kujaza upya, Repack. Baiskeli za milimani za leo zilitokana na kundi hilo, kwa hiyo grisi iliyoungua ina nafasi yake katika historia.

Habu hiyo hiyo inaweza kukudokeza umri wa baiskeli, ingawa watu hukimbilia namba ya fremu. Namba ikianza na 68, inatangazwa kuwa ni ya 1968. Kwa kawaida hiyo ni hesabu ya kiwandani tu, na kila kiwanda kilihesabu kivyake. Schwinn, kuanzia 1965, ilitumia herufi mbili mwanzoni: ya kwanza mwezi, ya pili mwaka, A ikiwa 1965. Fremu yenye CE iligongwa namba Machi 1969, na kugongwa namba si lazima iwe siku moja na kuunganishwa baiskeli. Shimano nao hutumia herufi mbili kwenye vifaa vyao, lakini ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. A ni 1976, na alfabeti ilipoisha ilianza tena na A mwaka 2002. Kwa hiyo FC yaweza kuwa Machi 1981 au Machi 2007, na ni wewe na macho yako mtakaoamua. Habu ya gia tatu ya kampuni ya Sturmey-Archer ni rahisi zaidi: nyingi zimegongwa mwaka na mwezi kwa tarakimu, 62 5 ikiwa Mei 1962. Ila usiichanganye na habari ya grisi. Habu yao ya zamani ya gia tatu, iitwayo AW, haina breki ndani, na hupewa mafuta mepesi kupitia tundu lake.

Zaidi ya hayo, habu inasema umri wake yenyewe, si wa baiskeli nzima. Katika mji ambao gurudumu likivunjika hutafutwa jingine lolote linaloingia, fremu ya mwaka huu na habu ya mwaka ule ni jambo la kawaida. Herufi za fremu, za habu na mtindo wa nembo zikikubaliana, amini. Zikipishana, baiskeli yako ina wazazi wengi.

Hewa ya pwani ina kazi yake pia. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na Mombasa kiwango hicho ni cha usiku na asubuhi nyingi. Vumbi la chumvi linaloletwa na upepo wa kusi likitua kwenye kromu, linajitengenezea umande wake lenyewe. Ndiyo sababu baiskeli iliyofungiwa stoo bila kuguswa na tone la mvua huliwa na kutu vilevile. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, kausha, kisha ndipo ushughulikie kutu. Kwenye kromu, karatasi ya aluminiamu ya jikoni iliyoloweshwa inatosha, kwa kuwa aluminiamu ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi, ilhali msasa unaimaliza. Nembo ya shaba isiyo na rangi hukubali ukwaju. Ndimu huondoa kutu kwenye chuma, ila ikiachwa hugeukia chuma chenyewe, kwa hiyo suuza, kausha na upake mafuta mara hiyo hiyo.

Kwa ndani ya habu, mafuta ya taa ni sawa kwa kuosha, mradi yote yatoke. Kisha nunua duka la spea za magari grisi ya bearing za magurudumu, ile inayohimili joto, ujaze gololi na upake viatu na ukuta wa habu bila uchoyo. Mafuta ya cherehani na dawa za kupuliza hapana. Huyeyusha grisi na kuondoka nayo. Ukinunua tairi, usitosheke na 26. Rimu ya 26 x 2.125 ina kipenyo cha milimita 559, ya 26 x 1⅜ ni 590, na Schwinn za 26 x 1¾ ni 571. Zote zinaitwa 26, na hakuna inayoingia kwa mwenzake.

Ukishafunga kila kitu, kaza ukanda wa ule mkono wa bamba kabla ya kupanda. Ukiwa umelegea, viatu vitavutwa na habu na mkono utazunguka nao, ukikunja spoki njiani. Na kwa kuwa amri ya breki inapitia kwenye mnyororo, mnyororo ukiruka huna breki kabisa. Funga breki ya mpira kwenye gurudumu la mbele, hata kama inaharibu sura ya asili, kabla hujaishusha baiskeli kwenye mteremko wa feri ya Likoni. Hiyo ya mbele, rimu yake iwe kavu.