Katlesi za mboga za shule: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila nikimwambia mama mwenzangu hapa Nyakato, Mwanza, kwamba wanangu hubeba katlesi za mboga shuleni, ananijibu kwa neno alilolisikia mahali, na mara nyingi neno lenyewe si kweli.

"Bila nyama si katlesi." Jina limetoka kwa Wafaransa, côtelette, nyama ya ubavu yenye mfupa. Waingereza walilifikisha India, na huko, ambako watu wengi hawagusi nyama, wapishi wakaweka viazi na mboga. Kwa hiyo ya mboga nayo ni katlesi kamili.

"Bila yai hazishikani." Hili ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Familia nyingi za Kihindi hazili mayai na katlesi zao hazimeguki. Kinachoshika ni wanga wa kiazi, kinachovunja ni maji. Chemsha viazi na maganda yake, maana kiazi kilichomenywa na kukatwa hunywa maji. Vikiiva, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika moja au mbili mvuke utoke, ndipo umenye na kuponda. Karoti ikune, uikaange pamoja na njegere zilizochemshwa mpaka unyevu uishe. Nusu kilo ya viazi inabeba kikombe kimoja cha mboga. Ukizidisha, usilaumu kukosa yai. Mchanganyiko ukinata mkononi, ongeza kijiko cha unga wa dengu uliokaangwa bila mafuta. Acha upoe kabisa, kisha finyanga. Badala ya kuchovya kwenye yai, chovya kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano na maji, halafu viringisha kwenye chenga za mkate mkavu.

"Viungo vya Kihindi vinawasha." Kinachowasha hasa ni pilipili, na pilipili asili yake ni Amerika, Wareno ndio walioifikisha India. Bizari nyembamba, binzari manjano na giligilani haviwashi. Garam masala tu, ule mchanganyiko wa viungo uliosagwa, ndiyo uitie kidogo, kwa kuwa ina pilipili manga.

"Lazima zielee kwenye mafuta." Hapana. Ndani kila kitu kimeshaiva. Unatafuta ganda tu. Mafuta ya kufunika kitako cha kikaango yanatosha, ila yawe ya moto. Dondosha chenga moja: ikichemka papo hapo, anza.

"Ni viazi tu, hazina lishe." Basi tia dengu. Tuko jirani na wakulima wa Kwimba na Misungwi, wanaozipanda kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea kuisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Zichemshe hadi zilainike, ponda kikombe kimoja, changanya: protini hiyo. Nusu ya viazi ikiwa viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya machungwa, mtoto anapata vitamini A, na mafuta ya kukaangia husaidia mwili kuifyonza.

"Kilichokaangwa hakiharibiki mpaka mchana." Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu tumbo la mtoto halina mzaha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto letu la ziwani bakteria hulipenda. Wengine huponda viazi jioni, wakaviacha mezani, wakitegemea moto wa asubuhi. Lakini kuna bakteria, wakiwemo wanaotoka mikononi mwetu, wanaoacha sumu isiyoondolewa na moto wa kikaango. Mchanganyiko wa jioni ulale kwenye friji. Kama huna friji, au umeme umekatika usiku kucha, chemsha na uponde alfajiri.

Katlesi ya vuguvugu ndani ya kontena la plastiki hutoa jasho na kukaa kwenye joto lile lile wanalolipenda bakteria. Mimi hujaza hotpoti maji yanayochemka, nayaacha dakika kumi, nayamwaga, nakausha, natandika kitambaa safi, kisha natia katlesi zikitoka motoni mpaka ijae. Ganda hulainika kidogo, nami nimelikubali hilo. Nawaambia wazile mapumziko ya saa nne, si saa saba. Na kinachorudi nyumbani jioni hakipewi mdogo wao.