Potasiamu ikishuka, usiiache dawa ya maji

Kliniki ya moyo na presha haipiti bila mgonjwa kuniwekea pakiti ya vidonge mezani na kuniambia ameviacha. Mara nyingi ni furosemaidi, ambayo wengi wanaiita dawa ya maji, au haidroklorothiazaidi, ambayo hupatikana peke yake au ikiwa imechanganywa kwenye vidonge vya presha. Malalamiko nayo yanafanana: mwili umelegea, vigimbi vinabana usiku, choo kimekuwa kigumu, na mtu aliyezoea kupanda mlima wa Igogo, hapa Mwanza, kurudi kwake sasa anapumzika mara tatu njiani. Anahisi dawa inamla, na kwa kiasi fulani anahisi sawa.

Dawa hizi zinailazimisha figo kutoa chumvi na maji. Chumvi nyingi inapofika sehemu za mwisho za mirija ya figo, figo inajaribu kuirudisha mwilini kiasi, na malipo yake ni potasiamu, madini ya mwilini, inayotoka na mkojo. Potasiamu hiyo ndiyo inayofanya misuli ijikunje na kukunjuka, utumbo usukume chakula na moyo upige kwa mpangilio. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Chini ya 3.5 ni upungufu. Chini ya 2.5 ni hatari kubwa, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla.

Nimkumbuke mama mmoja muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, ambaye moyo wake umetanuka. Alinionyesha pakiti yake, nusu ya vidonge haijaguswa.

"Mwanangu, hii dawa inaninyonya. Nimeipumzisha kidogo."

"Pole mama. Na miguu je?"

Akavuta kitenge juu kidogo. Nikabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Shimo likabaki pale pale. Usiku alikuwa analala ameegemea mito mitatu ili apumue. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa 2.9. Kwa hiyo alikuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja: upungufu ulioletwa na dawa, na maji yaliyorudi kwa sababu ameacha dawa. Hilo la pili ndilo lingemuua mapema zaidi.

Tulipozidi kuongea, likatoka na jingine. Asubuhi pale mwaloni hawezi kuacha meza kila dakika kumi kwenda chooni, akaona bora aruke kidonge. Hili wagonjwa wengi hawalisemi mpaka waulizwe, nami naliuliza kila mara. Kidonge cha furosemaidi huanza kazi ndani ya saa moja hivi na nguvu yake huisha kwa takriban saa sita. Hakuna ulazima wa kukimeza alfajiri. Mama yule alikubaliana na daktari wake akimeze saa nane mchana akisharudi nyumbani, na usiku alale.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ushauri wa kwanza anaoupata kila mtu ni "kula ndizi". Ndizi ni nzuri, siikatazi. Lakini hesabu yake iwekwe wazi. Potasiamu ya damu ikishuka kutoka 4 hadi 3, mwili mzima unaweza kuwa umepoteza milimoli 200 hadi 400, kwa kuwa asilimia 98 ya potasiamu yetu imo ndani ya seli na kinachopimwa ni ile kidogo iliyo nje. Ndizi mbivu moja ya wastani ina milimoli kama 10. Tena potasiamu ya kwenye vyakula haijaambatana kwa wingi na kloraidi, ile iliyomo pia kwenye chumvi, na aliyepoteza potasiamu kwa dawa ya maji amepoteza na kloraidi pia. Ndiyo maana tunaandika vidonge vya potasiamu kloraidi. Vile vya kuyeyuka polepole vya miligramu 600 vina milimoli 8 kila kimoja. Vimezwe vizima, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, ukiwa umekaa wima. Kukivunja au kukisaga ni kuachia dozi yote itue sehemu moja ya tumbo na kuichoma.

Chakula kinafanya kazi kubwa zaidi katika kuzuia. Viazi vitamu, maharage, mchicha, kisamvu, parachichi, papai, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), na hata sato, vyote vina potasiamu ya kutosha. Ukichemsha mboga ukamwaga maji, potasiamu nyingi imeenda na hayo maji, hivyo mwenye upungufu ayanywe kama mchuzi.

Kuna jambo ambalo kwa watu wa kanda hii nalisema kwa msisitizo kuliko ndizi: chumvi na magadi. Kadiri unavyokula chumvi nyingi ukiwa kwenye dawa ya maji, ndivyo figo inavyotupa potasiamu nyingi zaidi. Mtu anakula kayabo (samaki aliyekaushwa kwa chumvi), mlenda au maharage yaliyolainishwa kwa magadi, kisha anashangaa vidonge vya potasiamu havimsaidii. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Punguza hivyo viwili na mara nyingi nusu ya tatizo imeondoka, na miguu nayo inapungua kuvimba. Ukipenda kayabo, iloweke usiku kucha na ubadilishe maji.

Ipo pia hali ya potasiamu kukataa kupanda pamoja na vidonge vyote. Hapo naangalia magnesiamu, madini mengine ya mwilini. Ikiwa chini, figo inaendelea kuvujisha potasiamu hata umpe mgonjwa kiasi gani. Dawa za maji huishusha, na omeprazoli iliyotumiwa miezi mingi, ambayo watu hujinunulia duka la dawa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, huishusha vilevile. Naangalia na dawa nyingine: prednisoloni, salbutamoli ya pumu inapotumika kwa wingi, dawa za kuharisha zinazomezwa "kusafisha tumbo". Wodini, amfoterisini tunayompa mwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi hushusha potasiamu na magnesiamu kwa kasi, ndiyo maana wagonjwa hao wanachukuliwa damu mara kwa mara. Na anayetumia digoksini, dawa ya moyo, asilegee kabisa: potasiamu ikishuka, digoksini ile ile ya kila siku inageuka kuwa sumu, akaanza kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona rangi ya njano.

Mara nyingi daktari ana njia nyingine nzuri, kuongeza spironolaktoni, ambayo inatunza potasiamu na pia inausaidia moyo ulioshindwa kazi. Mama wa mwaloni aliongezewa miligramu 25, akapewa potasiamu kloraidi kwa muda mfupi, akapimwa tena baada ya wiki moja. Kipimo hicho cha marudio si cha hiari. Spironolaktoni, lisinoprili na losatani za presha, na kotrimoksazoli (septrini), zote hupandisha potasiamu, na ikipita kiasi nayo inasimamisha moyo. Kwa sababu hiyo naomba sana usimgawie jirani vidonge vyako vya potasiamu kwa kuwa naye "anabanwa na misuli". Huenda figo zake ni mbovu na hajui.

Unapoanza dawa ya maji au dozi ikibadilishwa, omba upimwe ndani ya wiki mbili hadi nne. Mnaotoka Ukerewe au vijiji vya Sengerema, ni bora damu ichukuliwe pale pale penye mashine. Sampuli ikitikiswa na kuchelewa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu, jibu likasomeka 4.2 kumbe wewe una 3. Kukunja na kukunjua ngumi mkono ukiwa umefungwa mpira pia hulipandisha jibu.

Ukiharisha au kutapika, potasiamu inashuka kwa saa chache. Anza ORS (maji ya chumvi na sukari), lakini kwa mwenye moyo mbovu piga simu au fika kituoni siku hiyo hiyo, kwa maana dawa ya maji huenda ikasimamishwa kwa muda na mganga ndiye wa kuamua. Miguu ikikataa kunyanyuka, moyo ukiruka mapigo au ukizimia, usingoje kupambazuke. Nenda usiku huo, na ubebe pakiti zote za dawa, pamoja na zile ulizojinunulia mwenyewe.