Barua ya Mara kwa mwanawe: isomeni yote

Nikishataja barua ya Mara bar Serapion (yaani Mara mwana wa Serapion), mtu wa zama za utawala wa Warumi, swali linalofuata nalijua: je, inamtaja Yesu? Wengi wanaouliza wameiona mistari michache tu, ile inayorushwa huku na kule kwenye mabishano ya dini. Barua yenyewe ni ya kurasa chache, na sehemu kubwa haihusiani kabisa na ubishi huo.

Mara anamwandikia kijana wake, Serapion, kwa Kisiriaki, lugha ya kale ya Wasiria, naye Mara yuko kifungoni mikononi mwa Warumi. Wenzake wameondolewa Samosata, mji uliokuwa kando ya mto Frati, wakiwa na majonzi. Samosata ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kommagene, ambao Roma iliumeza mwaka 72. (Leo magofu yake yako Uturuki, chini ya maji ya bwawa la Atatürk.) Wapo wanaoamini barua iliandikwa muda mfupi baada ya hapo, wengine wanaisogeza hadi karne ya 2 au ya 3. Mimi naegemea upande wa mapema, ingawa sigombani na mtu kwa hilo.

Kilichomfanya ashike kalamu ni habari njema: mlezi wa kijana amemwandikia kwamba mtoto ana bidii ya masomo. Baba hana mali ya kumwachia, kwa hiyo anamuusia elimu. Mali hupokonywa, uzuri huchakaa, watawala huanguka. Mwenye hekima hata akifungwa bado anacho kitu.

Hapo ndipo inapoingia ile mistari maarufu. Mara anauliza: Waathene walifaidi nini kumuua Sokrates, kama si njaa na tauni? Watu wa kisiwa cha Samos je, waliomchoma moto Pythagoras, nchi yao ikafukiwa na mchanga? Na Wayahudi, waliomuua mfalme wao mwenye hekima, wakanyang'anywa ufalme? Kisha anajibu kwamba hao watatu hawakufa: Sokrates yu hai kwa sababu ya Plato, Pythagoras kwa sababu ya sanamu ya Hera, mungu wa kike wa Wagiriki, na yule mfalme kwa sababu ya sheria mpya alizotoa.

Historia yake ina matobo. Pythagoras mwanafalsafa alihama Samos akaenda Italia. Hiyo sanamu inaelekea ni ya mchongaji aliyeitwa jina hilohilo. Na huyo mfalme hatajwi jina. Ni vigumu kumfikiria mwingine zaidi ya Yesu, lakini tazama Mara anavyosema: anaishi kupitia sheria zake, wala ufufuo hautajwi. Mkristo asingeliacha hilo. Namsoma kama mtu wa falsafa, mwenye fikra za karibu na Wastoa (wanafalsafa waliofundisha utulivu na kujitawala), anayetafuta mifano ya kumtia moyo mwanawe.

Tunayo nakala moja tu ya kale. Ilitoka kwenye monasteri ya Wasiria huko Wadi Natrun, Misri, na sasa imo Maktaba ya Uingereza, London, kwa namba Add. 14658. Msomi Mwingereza William Cureton aliichapisha mwaka 1855. Ndani ya kitabu hichohicho cha mkono mna mazungumzo ya shule ya Bardaisan, mwanafalsafa wa Kisiria, kuhusu sheria za mataifa, pamoja na maandishi ya mantiki, kwa hiyo aliyeyakusanya aliiweka barua hii kwenye fungu la falsafa.

Mwishoni kuna kipande kifupi ambacho bila shaka si mkono wa baba, maana kinamsimulia Mara kama mtu mwingine. Rafiki aliyefungwa pamoja naye anamuuliza kwa nini anacheka. Mara anamjibu kwamba anaicheka dunia na nyakati zake: hakuikopesha ubaya wowote, nayo inamlipa.