Feni ya mnara: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Kaskazi ikishalegea na kusi haijashika, Lamu hupitisha siku ambazo hata kilele cha mnazi hakitikisiki. Hapo ndipo feni zinaponunuliwa kwa haraka, na haraka ndiyo inayowaponza wengi. Siku hizi anayeingia dukani kwenye Usita wa Mui huonyeshwa kwanza ile nyembamba inayosimama kufika kiunoni au kifuani, mapanga yake hayaonekani, ina rimoti na vitaa vya buluu. Wengine huiita feni ya mnara, wengine feni ndefu tu. Si kifaa kibaya. Ila imebebeshwa maneno mengi, na kabla hujatoa pesa ni vyema kuyapepeta.

"Inapoza chumba"

Hakuna feni inayopoza chumba, iwe ndefu, fupi au ya darini. Umeme wote inaokula huishia kuwa joto humo humo, kwa hiyo feni ya wati 50 ndani ya chumba kilichofungwa ni joto la wati 50 lililoongezwa. Kinachopoa ni mwili wa mtu. Upepo huondoa ile hewa nzito yenye unyevu iliyotanda juu ya ngozi, jasho likapata nafasi ya kukauka, na linapokauka huondoka na joto. Upepo wa mita moja hivi kwa sekunde hukufanya uhisi kana kwamba joto limeshuka nyuzi mbili au tatu, ilhali kipimajoto cha ukutani hakijasogea. Basi kuwasha feni saa nzima kabla ya kulala, "chumba kitangulie kupoa", ni kuvipepea vitanda na kumaliza tokeni.

Feni nayo ina mpaka wake. Hewa ikiwa na joto kushinda ngozi, yaani ikipita nyuzi 35 za Selsiasi, faida yake hupungua, na Shirika la Afya Duniani hushauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40 tu, kwa sababu zaidi ya hapo inakupulizia moto. Lamu kwa kawaida hatufiki huko. Kinachotutesa ni unyevu wa bahari, na penye unyevu ndipo upepo unapokuwa na kazi kubwa zaidi.

Tena kuna suala la nyumba zenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku. Ndiyo maana saa tatu za usiku chumba cha ndani kina fukuto kuliko kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba. Ukiisimamisha feni katikati ya chumba hicho na mlango umefungwa, inazungusha fukuto lile lile. Isogeze mlangoni au dirishani, mgongo wake uelekee nje na uso uelekee kitanda. Feni hii hunyonya hewa kwa nyuma, kwa hiyo ukiipa hewa ya usiku itakuletea hewa ya usiku. Kuiegemeza ukutani ili isionekane, kama wengi wanavyopenda, ni kuiziba pumzi. Iachie shubiri mbili nyuma yake.

"Kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyopuliza"

Ndani ya mnara ule hamna mapanga ya kawaida. Mna pipa refu jembamba lenye vibao vingi vilivyosimama, linazunguka likivuta hewa upande mmoja na kuitoa upande wa pili. Ubunifu huo ni wa zamani, mhandisi Paul Mortier aliupatia hataza mwaka 1893, na pipa kama hilo ndilo lililomo ndani ya viyoyozi vingi vya ukutani. Upepo wake hutoka kama utepe, mwembamba kwa upana na mrefu kwa kimo. Ukiurefusha utepe huo bila kuongeza nguvu ya mota, umegawa upepo ule ule kwa kimo kikubwa zaidi, basi.

Cha kuangalia ni kiasi cha hewa inayosukumwa, ambacho huandikwa kwa mita za ujazo kwa saa au kwa dakika. Boksi likinyamaza kuhusu hilo, mwombe muuzaji aiwashe, kisha rudi nyuma mita mbili au tatu, sawa na umbali wa kitanda chako, na unyooshe ncha ya leso. Ikiwa feni iko namba tatu na leso inaning'inia tu, mwambie "ahsante bwana" uende duka la pili. Usikubali kuonyeshwa upepo kwa kuwekewa kiganja kwenye wavu. Hapo kila feni ni shujaa.

Kwa haki, feni ya kusimama ya inchi 16, ile yenye kichwa cha duara, kwa wati zile zile aghalabu husukuma hewa nyingi zaidi na kuifikisha mbali zaidi. Ya darini huwafikia watu wengi kwa pamoja. Mwenye sebule pana katika nyumba mpya ya mtaa wa Wiyoni, watoto huku na wageni kule, anunue mojawapo ya hizo na asidanganywe na rimoti.

Feni ya mnara hupata heshima yake kwenye nyumba ya kale. Vyumba vya nyumba hizo havipiti mita tatu hivi kwa upana, kwa sababu boriti za mkoko haziwezi kubeba dari pana kuliko hapo. Kinachoweza kwenda ni urefu. Chumba chembamba kirefu ndicho hasa upepo wa namna hii unachokitaka: isimamishe mwisho mmoja, ipulize kufuata urefu. Haizuii njia, haigongwi na mtoto anayekimbia kama ile yenye miguu ya msalaba, na haitaki boriti itobolewe. Hilo la mwisho mwenye nyumba atakushukuru, hasa ndani ya mji wa kale ambao tangu 2001 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lakini kapime kitanda kwanza, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Samadari, kile kitanda cha Kiamu, imeinuka sana, nyingine hadi uipande kwa kijingo, kigoda cha kukanyagia. Feni fupi ikisimamishwa pembeni yake itapuliza uvunguni usiku kucha, paka astarehe, wewe uloe jasho. Pima toka sakafuni hadi juu ya godoro, kisha pale dukani pima ni wapi matundu ya feni yanapoanzia na yanapoishia. Angalau nusu ya matundu iwe juu ya godoro. Anayelalia mkeka au godoro la chini hana wasiwasi huo. Kwake feni fupi na ya bei nafuu inatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipia kimo asichokitumia.

Kuhusu kuzungusha kichwa: ukiwa peke yako, izime hiyo. Feni inayogeuka hukupa upepo kwa zamu na kuupulizia ukuta muda uliobaki. Mkiwa wanne ukumbini, igeuke.

"Wati nyingi, upepo mwingi"

Wati hukwambia inakula nini, si inafanya nini. Feni nyingi za mnara hula kati ya wati 40 na 60. Zile zenye mota ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja, hula pungufu ya hapo kwa upepo uleule, na kwenye kasi ya chini hushuka hadi wati chache tu. Bei yake iko juu, ila kwa anayewasha kila usiku ni pesa inayorudi. Hesabu ni hii: wati 50 kwa saa nane ni yuniti 0.4, kwa mwezi yuniti 12. Kiyoyozi kidogo cha ukutani, hata kikiwa kinajizima na kujiwasha, hula yuniti nne hivi au zaidi kwa usiku mmoja.

"Ya kutilia maji na barafu ni kiyoyozi cha bei nafuu"

Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko wote, kwa kuwa ndio unaouzwa ghali kuliko wote. Kuna minara yenye tangi la maji chini. Hewa hupitishwa kwenye kitambaa au karatasi iliyoloa, maji yanakuwa mvuke, hewa inapoa. Fizikia yake ni ya kweli kabisa, lakini inategemea ukavu wa hewa. Kwenye hewa kavu ya nyuzi 38, yenye unyevu wa asilimia 20, mashine kama hiyo inaweza kushusha joto kwa zaidi ya nyuzi 10. Mtu wa Lodwar akikusifia, hakudanganyi.

Sasa ilete Lamu au Malindi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kupozwa kwa maji zaidi ya nyuzi nne hata kifaa kiwe kamilifu, na hakuna kilicho kamilifu. Tarajia nyuzi mbili, labda mbili na nusu. Na hizo unazilipia: hewa inayotoka imeshiba maji, chumba kinazidi kuwa na unyevu, jasho linakataa kukauka, na baada ya siku chache shuka zinanuka uvundo. Barafu hupunguza joto la maji kwa muda mfupi, kisha inayeyuka, huku friji iliyoigandisha ikiwa imetoa joto zaidi ya hilo jikoni. Ukishanunua tayari, iwashe bila maji. Itakuwa feni, nzito kidogo na ya bei mbaya.

"Ukilalia feni utapata nimonia"

Bibi zetu huambia kila mtu: upepo ule utakuingia kifuani, utaamka na vichomi. Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi, si na upepo wa feni. Bibi hajakosea kila kitu, hata hivyo. Upepo unaopuliza usoni usiku kucha hukausha koo, pua na macho, na feni iliyojaa vumbi hulipuliza vumbi hilo moja kwa moja kwa mwenye pumu. Ielekeze miguuni au kiunoni, kasi ya chini, uweke saa ya kujizima alfajiri, wakati ambapo hewa imeshapoa yenyewe. Kwa mtoto mchanga, upepo upite karibu naye, usimlenge usoni.

"Penye feni hapahitaji chandarua"

Mbu huruka kwa udhaifu, na upepo humsumbua. Tena hutawanya ile pumzi tunayoitoa, ambayo ndiyo anayoifuata kututafuta. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini stima ikikatika saa nane usiku, au feni ikijizima, mbu yumo chumbani na wewe umelala. Malaria haingoji stima irudi. Chandarua kibaki.

Tatizo ni kwamba chandarua hukata sehemu kubwa ya upepo. Hapa feni ya mnara ina nafuu kwa kuwa ni nyembamba na inaweza kusogezwa karibu kabisa na kitanda. Isogeze ila kitambaa kisiguse matundu ya nyuma, kwani yakikinyonya mota itapata joto. Ukichagua chandarua, cha pembe nne kilichotandazwa vizuri hupitisha hewa kuliko kilichoning'inia kwa mikunjo mikunjo. Na ile swichi ya "ayoni" inayosemwa hufukuza mbu haifukuzi chochote kinachouma.

"Haina mapanga, haina matunzo"

Inayo vibao vingi kuliko feni yoyote, vimefichwa tu. Hewa yetu ni ya chumvi, na mjini punda wanapita na vumbi lao. Kila kibao kinajipaka utando wa vumbi lenye unyevu, na upepo unapungua kidogo kidogo hata hujui. Mtu husema feni imechoka kumbe imechafuka. Ndiyo maana kabla ya kununua napendelea kuuliza swali moja: wavu wa nyuma unafunguka kwa skrubu za kawaida? Ukiwa umegandishwa moja kwa moja, iache. Hiyo haitasafishwa milele.

Ikianza kulia, mara nyingi ni bushi ya juu imekauka. Tone moja mbili za mafuta ya cherehani zinatosha, ila si mafuta ya kupikia, yatagandia humo. Ikinguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kidogo inaondoka, shuku kapasita. Ni kipuri cha bei ndogo ambacho fundi hubadilisha kwa muda mfupi, kwa hiyo usikubali kuambiwa "mota imeungua" kabla kapasita haijajaribiwa.

"Feni ni kitu kidogo, sola yoyote itaibeba"

Hili ni la jamaa wa Pate na visiwa vya karibu, wanaotegemea betri. Betri ya risasi ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Toa na kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, feni ya wati 50 itakwenda saa kumi hivi, bila taa, bila simu. Inveta za bei ya chini, zisizotoa wimbi safi, huifanya mota ya kawaida ingurume na kupata joto. Kama sola ndiyo stima yako, tafuta feni ya volti 12 inayounganishwa moja kwa moja na betri, hata kama si ya mnara.

Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukuletea zawadi, mwambie alete kingine. Feni za kule ni za volti 120, huku tuna 240. Ukiichomeka bila transfoma utaona moshi kabla ya kuona upepo.