Lettow hakushindwa? Tuhesabu mizigo kwanza

Nimeisoma tena, na safari hii kwenye andiko la mtu anayefundisha wengine: kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, "hakushindwa kamwe" Afrika Mashariki, kwamba kwa kikosi kidogo cha askari watiifu aliwazungusha Waingereza miaka minne kwa akili yake tu. Imerudiwa mno hata watu hawaihoji tena. Naandika kwa sababu maelezo hayo yanawafuta watu walioibeba vita hiyo mgongoni, na wengi wao walikuwa babu zetu.

Nitaanza na kile kikosi kidogo. Agosti 1914 jeshi la ulinzi la Wajerumani lilikuwa na kampuni 14, askari kama 2,500 na Wajerumani 260 hivi. Hicho kweli ni kidogo. Lakini mwanzoni mwa 1916 lilishakua hadi Wazungu wapatao 3,000 na askari zaidi ya 11,000. Tanga, Novemba 1914, ndipo walipokuwa wachache kweli: watu kama 1,000 dhidi ya jeshi la watu 8,000 lililoletwa kutoka India, na wakashinda. Nyuki wanaotajwa kila pigano hilo linaposimuliwa walikuwepo, naam, na waliwauma wa pande zote mbili. Muhimu zaidi ni vitu vilivyoachwa ufukweni, yakiwemo mabombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 zinazotoa moshi na kumwonyesha mpigaji alipojificha. Kwa hiyo ngawira ile ilikuwa na thamani kuliko bandari yenyewe.

Sasa tuje kwenye mizigo, maana vita hivi vilikuwa vya mizigo.

Koloni lilikuwa na reli mbili tu za maana: ya Tanga hadi Moshi, na ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyomalizika 1914. Nje ya hapo hakuna reli. Punda, farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mwaka 1916 Waafrika Kusini wa jenerali Van Deventer, waliopigana upande wa Waingereza, walipanda farasi kuelekea Kondoa wakati masika yanaanza. Walifika Aprili, lakini farasi wengi waliachwa mizoga njiani, na jeshi likakwama pale kwa majuma likiwa na njaa. Magari yalipita kiangazi, na mvua ikinyesha yalizama kwenye udongo mweusi. Kilichobaki ni mabega ya watu.

Chukua mpagazi mmoja. Mzigo wake ni kilo 25. Posho yake ni karibu kilo moja ya unga kwa siku. Anatembea kilomita 20 kwa siku njia ikiwa nzuri. Kambi iko kilomita 200 kutoka relini: siku 10 kwenda, 10 kurudi, kilo 20 zimeliwa na yeye mwenyewe. Anafikisha kilo 5. Kwa siku 20 za kazi, hiyo ni robo kilo kwa siku, yaani ili askari mmoja apate kilo moja ya chakula kila siku unahitaji wapagazi wanne barabarani wakati wote. Askari 1,000, wapagazi 4,000, na hapo hatujagusa risasi, dawa wala mahema. Sogeza kambi hadi kilomita 250 na mpagazi hafikishi kitu: kwenda na kurudi amekula mzigo wote. Mtu atasema wawekewe maghala njiani. Waliwekewa, lakini chakula cha ghalani nacho kilibebwa na mtu aliyekula njiani.

Hii ndiyo sababu Smuts, jenerali aliyeshika uongozi wa jeshi la Waingereza Februari 1916 na kuiteka Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo, alisimama kusini ya Morogoro. Hakuzuiwa na mbinu za adui peke yake. Alikuwa ameyapita maghala yake. Masika ya 1917 yalipoifurika Rufiji, Wanigeria wa jeshi la Waingereza waliokuwa ng'ambo walikatiwa posho hadi nusu, kisha chini ya nusu, wakachimba mizizi porini. Ukisoma kwamba jeshi "lilisita", angalia kwanza umbali wa kutoka relini na tarehe ya mvua.

Mnaoandika kwamba wapagazi "walikufa kwa magonjwa" kana kwamba ni bahati mbaya, naomba mtulie hapa kidogo. Kuhara na kuhara damu ndivyo vilivyoongoza kuua, na sehemu kubwa ya chanzo ilikuwa sufuria. Posho ilikuwa unga wa mahindi wa kusagwa hovyo. Unga wa namna hiyo unahitaji maji yachemke hasa, kuni kavu, chombo kikubwa na muda. Mpagazi alifika kambini jioni, amelowa, kuni mbichi, sufuria moja ya kugombaniwa na wengi, na kesho anaondoka alfajiri. Alikula unga uliopashwa moto tu. Tumbo lililozoea ndizi, kama la watu wa Uganda, au viazi na mtama, lilichubuka ndani, na maji ya mtoni yasiyochemshwa yakamaliza kazi. Madaktari waliliona. Walipoanza kupika kwa pamoja, kwa wapishi maalumu na muda wa kutosha, na kujenga hospitali za wapagazi, hali ilipata nafuu, lakini maelfu walikuwa wameshazikwa. Watu walikufa kwa ugali mbichi. Huo ulikuwa uamuzi wa ugavi, na uamuzi una mwenyewe.

Sasa upande wa Wajerumani, ambako sifa ni nyingi zaidi. Inasemwa Lettow alikuwa mwepesi kwa kuwa hakutegemea reli. Kweli, lakini wepesi huo ulilipiwa na vijiji. Manowari za Waingereza zilifunga pwani. Meli mbili tu za shehena zilipenya, moja 1915 na nyingine 1916. Meli ya kivita Königsberg ilipoharibiwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Chakula kilichukuliwa mashambani na kwenye vihenge. Wanawake na watoto wa askari waliandamana na safu. Wanawake ndio waliotwanga mtama na mahindi kila kambi. Wapagazi wengi walikamatwa tu, na mishahara yao haikuandikwa popote.

Ugogo ilipitiwa na majeshi yote mawili. Ng'ombe na nafaka vilichukuliwa, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917, Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio ni watu 30,000 waliokufa. Ukimsifu kamanda kwa "kuishi kwa kile ardhi inachotoa", ujue ardhi hiyo ilikuwa kihenge cha mtu.

Hata mpango wa kumletea mahitaji kwa hewa unapimika kwa mizigo. Novemba 1917 puto kubwa la Kijerumani, L59, liliondoka Bulgaria na tani 15 za vifaa, likaamriwa kugeuka likiwa juu ya Sudan. Tani 15 ni mizigo 600 ya kilo 25.

Basi, hakushindwa? Vita vilikuwa vya kugombea ardhi. Kufikia Novemba 1917 Wajerumani hawakuwa na bandari, reli wala mji hata mmoja. Tabora ilichukuliwa na Wabelgiji Septemba 1916. Mahiwa, Oktoba 1917, Lettow alishinda pigano na kupoteza uwezo wa kupigana: Waingereza walipata hasara ya watu kama 2,700, yeye kama 500, lakini hao 500 hakuweza kuwajaza tena, na risasi za bunduki za kisasa zilikaribia kwisha. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma Novemba 25 na Wajerumani 300 hivi, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Siku tatu baadaye Tafel, aliyekuwa akimfuata na kikosi kingine, alijisalimisha kwa kukosa chakula. Lettow alipona kwa sababu Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, alikuta ghala la Wareno lenye risasi zipatazo 250,000. Tangu hapo alikuwa akipigana apate chakula. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, baada ya habari za amani kumfikia.

Hoja ya kwamba aliwazuia wanajeshi wasiende Ulaya ina ukweli kiasi, na hapa nakiri nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Wahindi na Waafrika Kusini wangeweza kupelekwa kwingine. Lakini kuanzia 1917 vita vilibebwa zaidi na Waafrika: King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, ilipanda kutoka batalioni 3 hadi 22, na hao hawakuwa wakielekea Ufaransa. Leo naona alichozuia hasa ni meli na shehena, nayo haikuwa kidogo.

Idadi ya wapagazi upande wa Waingereza na washirika wao hukadiriwa karibu milioni moja, na waliokufa kwa Waingereza karibu 100,000. Nasema "karibu" kwa sababu orodha zenyewe zina mashimo: jina liliandikwa kwa matamshi ya karani, mtu akatoroka au akafa njiani, kitabu kikapotea. Kwa Wajerumani hakuna orodha ya kupotea. Na tusiwaite waliojitolea. Sheria ya 1915 Kenya iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na katika msako mkubwa wa 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikusanya watu kama 120,000.

Idara yao iliitwa Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins, na kutokana nayo tuna Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Jengo la soko la Wajerumani pale Dar liligeuzwa kambi ya wapagazi, na jina likabaki. Sanamu ya Askari, mtaa wa Samora, ni ya askari mwenye bunduki. Nairobi angalau mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mishahara ya wengi waliokufa bila kutambuliwa haikuwafikia jamaa zao.